Trimu ya Usukani wa Mkia: Ruka Kwanza, Amua Baadaye

Wanaojijengea ndege huniuliza swali moja ambalo halikomi: "Nimefika kwenye mkia. Je, niweke trimu ya usukani au niache?" Anayeuliza mara nyingi ana seti ya vipande vya RV-7 au RV-9 kutoka Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, au ana Zenith, au Kitfox. Mchoro haumlazimishi kuweka. Rafiki mmoja amemwambia kwamba bila trimu mguu wa kulia utakufa ganzi. Mwingine amemwambia ni anasa. Naye amesimama gereji na mkia mezani, hajui afunge bati au asubiri.

Jibu langu ni hili: usiamue leo. Pitisha njia ya waya kabla hujafunga mkia, kisha maliza ndege na uiruke bila trimu. Ukishairuka, inyooshe, bandika kabari, ndipo ujiulize kama bado unahitaji kitu cha kurekebisha kutoka kwenye kiti cha rubani. Wajenzi wengi wa ndege ndogo wakifika kwenye kabari huishia hapo, na hawajutii.

## Tunazungumzia nini hasa

Usukani wa mkia ni ile sehemu ya wima unayoisogeza kwa pedali. Trimu ni kitu chochote kinachousukuma kidogo upande mmoja ili mguu wako upumzike. Ziko aina tatu:

- Ya kudumu. Kibati kilichokunjwa, au kabari iliyobandikwa, kwenye ukingo wa nyuma wa usukani. Ukiwa angani huwezi kukigusa.
- Ya springi. Springi zinavuta kebo za usukani au pedali zenyewe, nawe unazikaza kwa wenzo au kwa mota ndogo.
- Ya umeme. Kibati chenye bawaba yake, kinachosogezwa na servo, yaani mota ndogo, kwa swichi. Servo za Ray Allen ndizo zinazojulikana zaidi kwa wajenzi.

Anayesema "trimu ya bure" anazungumzia ya kwanza. Anayesema "trimu ya mamia ya dola" anazungumzia ya tatu. Kabla hujabishana na mtu, muulize anamaanisha ipi.

## Kwa nini mguu wa kulia

Injini za Lycoming, Continental na Rotax 912 huzungusha propela kuelekea kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani. Unapopanda kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo, hewa inayojizungusha kutoka kwenye propela hupiga mkia upande wa kushoto, na panga la propela linaloshuka kulia huvuta zaidi ya lile linalopanda kushoto. Pua inakwenda kushoto, nawe unakanyaga kulia. Ukishusha pua na kupunguza nguvu, hali inageuka.

Ukiwa na injini ya Gipsy Major ya Kiingereza au M14P ya Kirusi, propela inazunguka kinyume, kwa hiyo geuza kila "kulia" na "kushoto" unayosoma hapa.

Jambo la kushika ni kwamba hitaji la mguu hubadilika kwa nguvu na kwa mwendo. Trimu ya kudumu inaweza kuwa sahihi kwa hali moja tu. Chagua hali hiyo iwe mwendo wa safari, kwa sababu humo ndimo utakamokaa kwa saa nyingi.

## "Lakini nikipanda je? Mguu hautachoka?"

Hiki ndicho kipingamizi ninachokisikia kuliko vyote. Tukipigie hesabu.

Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Tuseme unapanda hadi futi 9,500. Ndege ya viti viwili yenye nguvu za farasi 180 ikipanda futi 1,000 kwa dakika, itafika kwa dakika nne. Ikipanda futi 700 tu, ni kama dakika sita. Mguu wenye afya hauchoki kwa dakika sita. Tena injini isiyo na tabo ikiwa juu hivyo imeshapoteza sehemu ya nguvu zake, kwa hiyo hata msukumo wa kwenda kushoto umepungua.

Hesabu hubadilika ukiwa na mojawapo ya haya:

- Injini kubwa, kama IO-540 ya nguvu za farasi 260 kwenye RV-10 ya viti vinne.
- Injini yenye tabo, inayoshikilia nguvu zake hadi juu, nawe una desturi ya kupanda mbali.
- Goti, nyonga au mgongo wenye matatizo. Hii ni sababu halali kabisa, na usione haya kuitaja.
- Otopailoti yenye servo ya tatu inayoshughulikia usukani wa mkia. Servo hiyo haifai kubeba mzigo mmoja safari nzima, na trimu huipunguzia.

Kwa ndege ya injini mbili mjadala huu karibu haupo. Injini moja ikizima, utaihitaji trimu.

Kwa upande wa pili, mwenye Zenith CH 750 au Kitfox yenye Rotax ya nguvu za farasi 100, anayeruka kati ya viwanja vya jirani, sioni sababu ya kumtwisha swichi, waya na kibati kinachosogea.

## Kabla ya trimu yoyote: je, ndege imenyooka?

Nalikazia hili kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha. Gari likivuta kushoto, fundi mwenye akili huangalia magurudumu kwanza. Hafungi kamba kwenye usukani. Ndege inayokwenda upogo katika mwendo wa safari mara nyingi ina kitu kilichopinda, na trimu itakificha tu huku kikiendelea kula mwendo na mafuta.

Kagua kwa mpangilio huu:

1. Gololi yenyewe, ile ya kwenye dashibodi inayoonyesha kama ndege inakwenda upogo. Weka ndege chini, isawazishe kushoto na kulia kwa pimamaji juu ya mihimili ambayo mchoro unaitaja. Gololi iwe katikati. Kama unatumia skrini ya Garmin au Dynon, gololi yake inatokana na kihisi; kihisi kikifungwa kimeinama, skrini itakudanganya kila safari.
2. Makava ya magurudumu na ya miguu ya ndege. Haya ndiyo washukiwa wakuu. Kava la mguu lililozungushwa kidogo hufanya kazi ya usukani, na liko kwenye hewa yenye kasi kamili. Ukiweza, ruka mara moja bila makava uone kama gololi inarudi.
3. Springi za gurudumu la mkia, kama ndege yako inalo. Moja ikiwa imekaza kuliko nyingine, inavuta usukani hata angani.
4. Kebo na pedali. Ndege ikiwa chini, sukuma pedali hadi mwisho kushoto na kulia; isogee bila kukwama. Msuguano huufanya usukani ubaki pale ulipouacha, nawe ukadhani ni trimu unayoikosa.
5. Pezi la mkia. Pima kwa mujibu wa mchoro. Tahadhari: baadhi ya michoro huagiza ukingo wa mbele wa pezi ugeuzwe kidogo kushoto makusudi, ili kusaidia dhidi ya propela. Ukiunyoosha kwa sababu unauona umepinda, umejitengenezea tatizo.

Kosa lingine ni kuchanganya bawa zito na pua inayokwenda upande. Ndege inayolalia kushoto kwa sababu tangi la kushoto limejaa haihitaji trimu ya usukani. Shika mabawa sawa kwa mkono, toa miguu kwenye pedali, halafu tazama gololi. Ikiwa katikati, usukani hauna kosa, nenda kaangalie eleroni na mafuta.

## Jaribio la angani

Ruka asubuhi na mapema, kabla ya jua kuchemsha hewa. Mafuta yawe sawa pande zote mbili. Ukiwa juu salama na hakuna ndege nyingine karibu:

- Weka nguvu yako ya kawaida ya safari na usubiri mwendo utulie. Usikimbilie kusoma; upe dakika mbili.
- Mabawa sawa, miguu sakafuni. Andika gololi imetoka upande gani na kiasi gani: nusu gololi, gololi nzima, au zaidi.
- Rudia kwa nguvu ndogo, kisha kwa nguvu ya kupanda.

Usitegemee uzi uliobandikwa juu ya kifuniko cha injini. Kwenye ndege yenye propela mbele, uzi huo unasoma hewa ya propela, wala hausomi jinsi ndege inavyokwenda. Kwa wenye propela nyuma, kama Long-EZ, uzi ni mzuri sana.

Fanya jaribio hili katika safari zaidi ya moja. Ukipata majibu tofauti kila siku, kuna kitu kinacheza au kinakwama, urudi kwenye ukaguzi.

## Kabari: hatua kwa hatua

Ndege imenyooshwa, na gololi bado inatoka kulia katika mwendo wa safari. Sasa tengeneza kabari.

1. Chukua mti laini na mwepesi. Kata kipande cha urefu wa sentimita 15 na upana wa kama sentimita 4. Kipige msasa kiwe chembamba kabisa upande mmoja na unene wa milimita 7 au 8 upande wa pili.
2. Futa ukingo wa nyuma wa usukani kwa spiriti. Vumbi na nta vitakuangushia kabari angani.
3. Gololi ikitoka kulia, bandika kabari upande wa kushoto wa usukani, sehemu nene ikielekea nyuma, sawa na ukingo. Hewa inaisukuma kabari, na kabari inausukuma ukingo wa usukani kwenda kulia, kama vile umekanyaga kulia.
4. Funika kwa utepe imara pande zote, hasa ukingo unaokutana na hewa kwanza. Kisha sogeza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uhakikishe kabari haigusi kitu.
5. Ruka, soma gololi. Ikivuka na kwenda kushoto, shuka, kata sentimita mbili, urudie. Ikiwa bado iko kulia, tengeneza kabari ndefu zaidi. Usiongeze unene.
6. Ukiridhika, ngoja. Iruke hivyo safari kadhaa, peke yako na ukiwa na abiria, ndipo uibandike kwa gundi ya kudumu na kuipaka rangi, au uweke kibati cha kufanana nayo.

Watu wengi hukosea hatua ya tatu. Wanabandika kulia kwa kuwa gololi iko kulia. Chukua daftari uchore usukani ukiutazama kutoka juu, kabla hujagusa utepe.

Kibati cha aluminiamu kilichofungwa kwa ribiti hufanya kazi ileile, na kina faida ya kukunjwa kidogo kidogo kwa koleo. Hasara yake ni kwamba kila anayepita uwanjani anaweza kukikunja kwa kiwiko bila wewe kujua. Kiingize kwenye ukaguzi wako wa kabla ya kuruka.

## Uzito wa nyuma na hatari ya kupapatika

Hapa naomba usome polepole.

Usukani unaobeba uzito nyuma ya bawaba zake bila kusawazishwa unaweza kuanza kupapatika. Ni mtetemo unaojilisha wenyewe kutokana na hewa, na unaweza kuuvunja mkia kwa muda mfupi usiotosha hata kushusha nguvu. Ndiyo maana sukani nyingi hubeba kipande cha risasi mbele ya bawaba. Kila gramu unayoongeza kwenye ukingo wa nyuma, iwe servo, kibati, gundi au rangi nyingi, inapunguza kazi ya risasi hiyo.

- Usiweke servo ndani ya usukani kama mtengenezaji wa ndege hajaidhinisha. Muulize kwa maandishi.
- Kibati chenye bawaba kisicheze hata kidogo. Kishike kwa vidole ukitikise: ukisikia mgongano mdogo, ndege hairuki.
- Ukimaliza kazi, pima upya usawa wa usukani kama mchoro unavyoelekeza.
- Heshimu kasi ya mwisho. Kupapatika hufuata kasi halisi ya ndege hewani, na saa ya kasi haikuonyeshi hiyo. Kwenye futi 10,000, ukisoma noti 150, kwa kweli unakwenda karibu noti 175. Sisi tunaorukia nyanda za juu hatuna ruhusa ya kulisahau hili.

Kuna pia kitovu cha uzito. Nusu kilo iliyowekwa mita nne nyuma ya kitovu, kwenye ndege ya kilo 700, inakisogeza nyuma kama milimita 3. Ni kidogo, lakini ndege ambayo tayari ina mkia mzito haina nafasi ya kuchezea. Pima uandike.

Kwa sababu hizi, mtu akinishawishi kwamba kweli anahitaji trimu ya kurekebisha angani, swali langu la kwanza huwa ni kama springi zinaweza kumfaa. Springi ziko ndani ya bodi, haziongezi kitu kwenye ukingo wa usukani. Masharti yake ni mawili: zisizuie pedali kufika mwisho kwa upande wowote, na moja ikikatika isiweze kunasa kwenye kebo.

## Ukiamua umeme

- Fyuzi ya peke yake, mahali mkono wako unapofika ukiwa umefunga mkanda. Swichi ikinata, servo itaendelea kusogea hadi mwisho, na lazima uweze kuikata.
- Mwelekeo. Swichi ya "kulia" inapaswa kusogeza kibati kushoto. Mtu mmoja akae ndani na mwingine asimame mkiani, mhakikishe kwa macho.
- Kionyeshi cha mahali kilipo kibati. Servo ya Ray Allen ina waya tano: mbili za mota na tatu za kionyeshi. Wapo wanaoziacha hizo tatu ili kupunguza kazi. Usifanye hivyo. Rubani asiyejua trimu iko wapi ataondoka na trimu ya safari iliyopita.
- Kiasi cha kusogea. Anza na kidogo. Zuia kibati kisifike mbali kuliko unavyohitaji.
- Jaribio la mwisho. Ukiwa juu, kwa mwendo wa safari, peleka trimu hadi mwisho kidogo kidogo huku miguu ikiwa kwenye pedali. Kama hutaweza kuishinda kwa mguu mmoja kwa utulivu, kibati ni kikubwa au kinasogea kupita kiasi. Rudia upande wa pili.

Halafu andika "trimu ya usukani katikati" kwenye orodha yako ya kabla ya kuruka na ya kabla ya kutua. Trimu iliyowekwa kwa ajili ya kupanda itaivuta pua kulia mara tu unapoondoa nguvu ili utue, na hilo halipendezi ukiwa na upepo wa ubavuni.

## Vibali

Badiliko la mkia si jambo la kimya kimya. Marekani, masharti ya ndege za kujijengea kwa kawaida hukurudisha kwenye kipindi cha majaribio baada ya badiliko kubwa, angalau saa 5, na matokeo huandikwa kwenye daftari la ndege. Uingereza, LAA, chama kinachosimamia ndege za kujijengea, hutaka kuidhinisha kabla. Kwa Kenya na Tanzania, mwandikie mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA au TCAA, kabla hujatoboa tundu la kwanza, utunze majibu yake. Kabari ya utepe nayo iandike, pamoja na vipimo vyake na upande ilipobandikwa.

## Bado unajenga? Fanya haya wiki hii

- Pitisha bomba jembamba la plastiki kutoka kwenye dashibodi hadi mkiani. Huenda tayari lipo kwa ajili ya trimu ya eleveta. Tumia hilohilo, ongeza waya tano.
- Acha uzi wa kuvutia ndani yake hata kama huweki waya sasa.
- Piga picha ndani ya mkia kabla ya kufunga, ukiweka rula ionekane kwenye picha.
- Acha nafasi ya swichi moja na fyuzi moja.

Kazi hii ni ya mchana mmoja, na uzito wake ni mdogo.

## "Nimeshafunga mkia, je?"

Usitoboe ribiti hata moja. Kabari haihitaji waya. Springi hufungwa ndani ya bodi, ambako mara nyingi bado unafika kwa mkono kupitia tundu la ukaguzi. Na kama baada ya kuruka utaona kwamba huwezi kuepuka servo, nunua usukani wa pili. Ujenge mezani ukiwa na servo, usawazishe, uupake rangi, huku ndege ikiendelea kuruka na ule wa kwanza. Ukiwa tayari, unabadilisha kwa kufungua bawaba na kebo mbili, na ukiona haufai, wa zamani unarudi mahali pake siku hiyohiyo.